Mashine ya Muthangari na Mashuka Nyuma ya Tangi

Mwende na Kevo, mlisema niandike, basi naandika. Msitafute koma mahali zinafaa kukaa. Shule niliacha darasa la nne na koma tulikuwa hatujafika. Tangu niwaachie funguo za duka nimekaa hapa Mutuini nikilisha kuku na kutazama wapangaji wa jirani wakigombania kamba ya nguo, na mke wangu amechoka kuniona kwa nyumba kila saa. Amesema afadhali niandike kuliko kumfuata jikoni nikimwambia vile jiko lake linafaa kurekebishwa.

Mambo ya nilianza nikilipwa nini na nikamaliza nikilipwa nini sitaweka. Hayo hayawezi kuwasaidia kufungua hata friji moja.

Nilianzia tauni, katikati ya jiji, kwa chumba kimoja chini ya ngazi, nyuma ya River Road, kwa fundi aliyeitwa Mzee Okumu. Alikuwa ametoka Siaya akiwa kijana na hakuwahi kuzoea baridi ya Nairobi. Alivaa koti mbili hata mwezi wa pili. Siku ya kwanza nilijua nitapewa bisibisi. Nilipewa kitambaa na friji ya kupanguza, na kabla sijaigusa akaninyang'anya kitambaa. Akaniambia nisiwahi kusafisha kitu cha mtu kabla sijaona vile kimechafuka. Kutu imeanzia wapi, maji yamepita wapi, panya amekula upande gani. Akasema fundi akipanguza kabla ya kuangalia, ni kama amemfunika mgonjwa mdomo halafu anamuuliza anaumwa wapi. Siku hiyo yote sikufanya kazi nyingine. Niliangalia friji chafu mpaka jioni, na nikaenda nyumbani nikifikiri huyu mzee ana kasoro.

Kasoro alikuwa nayo, lakini si hiyo. Watu walimwita mlafi kwa sababu kila nyumba alipoingia aliitisha chai. Anakaa, anashika kikombe kwa mikono miwili, anamwambia mwenye nyumba aendelee tu na kazi yake. Mwenye nyumba amekasirika, ameita fundi na amepata mgeni. Mimi pia niliona aibu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hiyo chai ndiyo ilikuwa kazi. Mtu akijua unaangalia mashine, anaitumia vile ameandikiwa kwa kitabu. Akikuona unakunywa chai, anaitumia vile anaitumianga. Anapiga mlango na goti. Anaweka sufuria ya moto ndani ya friji. Anachomoa plagi kwa kuvuta waya kama anavuta mbuzi. Mzee Okumu anamaliza kikombe, anasimama, anaenda moja kwa moja mahali kuna shida, na watu wanasema ana dawa. Dawa ilikuwa majani na maziwa. Ndiyo maana mpaka leo tumbo langu linanguruma nikisikia mlango wa mteja ukifunguliwa.

Kitu cha pili alichonifundisha ni ile waya ya kijani yenye mstari wa njano. Mke wangu anasoma hapa kwa bega langu na ameuliza waya gani, kwa hivyo nitaeleza, nyinyi mtanivumilia. Kwa boksi ya stima ya nyumba kuna breka ndogo ndogo, hizo huanguka mzigo ukizidi. Halafu kuna moja kubwa, kazi yake ni kulinganisha stima inayoenda na ile inayorudi. Ikiona kidogo imepotelea njiani, labda imeingia kwa bati ya mashine, ama imeingia kwa mtu, inaanguka na nyumba yote inazima. Hiyo waya ya kijani ndiyo inachukua stima iliyopotea na kuipeleka chini kwa udongo. Sasa hapa Nairobi kuna dawa ya haraka ambayo mmeiona kwa macho yenu. Mashine ikiangusha stima, fundi anakata waya ya kijani. Kweli breka inanyamaza. Mteja anafurahi, fundi anaenda. Na stima iliyopotea inakaa kwa bati ikingoja mkono.

Mwaka wangu wa kwanza tuliitwa kwa hoteli ndogo tauni, mpishi alikuwa ameshika friji kwa mkono wenye maji na ikamtupa mpaka kwa magunia ya viazi. Alikuwa mzima, anacheka hata, lakini kidole kimoja kilibaki kimejikunja. Tukafungua nyuma ya friji, waya ya kijani imekatwa na kufungwa na utepe vizuri kabisa, kama zawadi. Mzee Okumu hakumtukana aliyefanya hivyo. Aliniambia tu nimwangalie mpishi kidole, na nisisahau.

Alipochoka na baridi akarudi kwao, aliniachia mega yake ya kupima waya. Ni ile boksi nyeusi yenye mkono wa kuzungusha, iko rafu ya chini, nyuma ya mikanda ya mashine. Najua mnaicheka. Mita zenu za kisasa zina taa na zinapiga kelele, lakini mita hutumia betri, inasukuma stima polepole sana, kama mtu anayebisha mlango akiogopa kuamsha watu. Waya iliyooza kidogo itajibu mita kwamba kila kitu kiko sawa. Mega inasukuma kwa nguvu ya stima yenyewe na zaidi. Ikisukuma, uongo unatoka.

Sasa nifike Muthangari, kwa sababu hiyo ndiyo mliniuliza, na kila mara nilianza kuwaeleza mteja akaingia.

Duka letu lilikuwa tayari Hurlingham, kwa ile nafasi nyuma ya duka la dawa. Akanipigia simu mama mmoja wa Muthangari, Mama Tasha. Alikuwa anafanyia kazi nyumbani kwa kompyuta, watu wa ofisi wakimwona uso kwa kioo. Akaniambia mashine yake ya kufua inaangusha stima. Si kila siku. Ingekuwa kila siku, alisema, angeshaitupa. Inaweza kukaa wiki mbili nzuri, halafu akiwa katikati ya kuongea na wakubwa wake, nyumba inazima na yeye anapotea kwa kioo kama mtu aliyekimbia. Wakubwa walikuwa wameanza kumuuliza kama anaishi porini.

Siku nilienda kulikuwa na mvua na nilikuwa na haraka. Chai nilikataa. Nikabeba mashine kwa pikapu mpaka dukani, nikaipima na mita, safi. Nikaipa matambara yetu yote ifue, kila programu, baridi na moto, kutwa nzima. Haikuangusha kitu. Nikairudisha, nikamwambia mashine haina shida.

Kitu sikufikiria ni kwamba lile jengo letu ni la zamani, boksi yake ina fyuzi tu. Breka ya kulinganisha stima hakuna. Hata ungeingiza waya kwa ndoo ya maji pale, jengo halingejua. Kwa hivyo nilikuwa nimepima mashine mahali ambapo hakuna breka ya kuisemea.

Lakini neno langu lilikuwa limeingia kwa hiyo nyumba. Mashine haina shida, basi shida ni mtu. Mama Tasha alikuwa na msichana wa kazi, nasema msichana na alikuwa mama wa watoto wakubwa, anaitwa Nafula, wa kutoka upande wa Bungoma. Baada ya muda Mama Tasha akanipigia tena. Akasema amegundua. Yeye akifua Jumamosi, hakuna kitu. Stima inaanguka tu Nafula akifua. Ameshamwambia mwisho wa mwezi aende kwao. Alitaka nije mara moja, nimwambie ni nini huyu mama anafanyia mashine, ndiyo atakayekuja baada yake asirudie. Ama, akasema, nikate tu ile waya ya kijani, kuna fundi mwingine alimwambia ni kazi ya dakika.

Nilienda asubuhi, na nikaitisha chai.

Waya nilimwambia sikati. Nikamweleza kidole cha mpishi, akasema sawa, lakini kwa uso wa mtu ambaye ana namba ya fundi mwingine. Akaingia kwa chumba chake kuongea na ofisi, akafunga mlango. Jikoni tukabaki mimi, Nafula, na mama mkwe wa Mama Tasha, Shosho, yaani nyanya, mzee kabisa, amekaa kwa kiti karibu na mlango wa nyuma mahali jua linaingia, blanketi kwa magoti. Shosho aliniuliza mimi ni wa wapi. Nikasema Mutuini. Akaniuliza wa nani, tukazunguka mpaka tukapata mtu mmoja tunamjua sote wawili, marehemu, na tukamsikitikia kidogo. Hiyo nayo ni chai.

Nafula akafua sare za watoto, maji baridi. Hakuna shida. Akafua za jikoni. Hakuna shida. Alikuwa anashika mashine taratibu kuliko watu wengi, anafuta hata ule mpira wa mlango. Kikombe kikaisha. Nikasema niende nje niangalie ile nondo ya ardhini, mahali waya ya kijani inaishia.

Nondo ilikuwa sawa. Lakini nikizunguka tangi la maji nikapata mashuka mawili yameanikwa kwa kakamba kafupi, chini chini, upande wa ukuta ambao jua halifiki. Na mbele ya nyumba kulikuwa na kamba ndefu, jua limejaa, imeachiwa nguo za watoto. Nikajiuliza nani anaficha shuka kwa kivuli. Halafu mlinzi wa geti akaniita nimwangalizie redio yake, na mnanijua, nikakaa huko mpaka redio ikaimba.

Niliporudi, friji ilikuwa imenyamaza. Stima imeenda. Mama Tasha amesimama jikoni, visikizi viko shingoni, na Nafula amesimama mbele yake, mikono ndani ya aproni.

"Umeona, fundi? Wewe mwenyewe uko hapa umeona," akaniambia. Halafu akamgeukia Nafula. "Ulikuwa umeweka nini?"

"Ya baridi, mama."

Nikaangalia kile kidude cha kuzungusha, cha kuchagua joto la maji. Kweli, kilikuwa kwa baridi. Nikaweka kiganja kwa kioo cha mlango, vile mtu anashika tu bila kufikiri. Kioo kilikuwa moto.

Hapo ndipo nilijua mashine ina nini, na nikajua pia kwamba nikisema, Nafula hatangoja mwisho wa mwezi. Atakuwa ameangusha stima na ameongopa, vyote viwili, mbele ya fundi. Na nikinyamaza, jioni ataitwa yule fundi wa kukata waya, na mkono wa kwanza kushika hiyo bati na maji utakuwa wa huyo huyo Nafula. Nikachomoa plagi ya mashine, nikarudisha breka, nikamwambia Mama Tasha arudi kwa ofisi yake, mimi nitafungua taratibu. Akaenda.

Nikakaa chini kwa sakafu kama natafuta skrubu.

"Mama," nikamwambia Nafula, "kioo iko moto."

Akachukua kitambaa, akaanza kufuta meza.

"Mimi si polisi. Nataka tu kujua kama maji ilichemka."

"Ilichemka," akasema. "Mara nyingi inapita tu. Nilijiambia leo pia itapita."

"Na kwa nini umerudisha baridi?"

Akaangalia upande wa kiti. Shosho alikuwa amegeukia nje, kwa jua, nikadhani hasikii.

"Mwambie," Shosho akasema. "Si ni mzee pia."

"Siwezi, shosho. Tuliapa."

"Basi nitasema mimi." Hakugeuka. "Ni mashuka yangu, fundi. Usiku najikuta yamelowa. Maji baridi haitoi ile harufu. Nilimwapisha asiambie mke wa mwanangu. Siku atajua, atanitafutia pale wanapeleka wazee."

Mimi ni wa huku, najua vile mama mkwe na mke wa mwana huheshimiana kwetu, mpaka mambo ya kitanda hayatajwi. Na Mama Tasha alikuwa amekataza maji moto kwa hiyo nyumba, kwa sababu inakula tokeni za stima. Kwa hivyo Nafula alikuwa anachemsha mashuka kwa siri, anarudisha kile kidude kwa baridi, anaanika nyuma ya tangi, na alikuwa amekubali kufukuzwa afadhali ya kusema. Nilimwaga maji, nikafungua mashine. Nikatoa waya za elementi, ile koili ya kuchemsha maji, bado ina joto lake, nikaziunga kwa mega, nikazungusha. Sindano ikaanguka mpaka sifuri kama mtu aliyeteleza. Nikaivuta nje. Chini ya ile chokaa kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Ikiwa baridi ufa unajifunga na haisemi kitu. Ikipata moto unafunguka kidogo, maji yanaingia, stima inapotelea kwa bati, na siku maji yameingia ya kutosha nyumba inazima. Ndiyo sababu haikuwa kila siku, na ndiyo sababu haikuwa Jumamosi, kwa sababu Mama Tasha hakuwahi kuchemsha.

Nikamwita Mama Tasha. Nikamwonyesha ufa, nikazungusha mega akaona sindano kwa macho yake. Nikasema kosa ni la hiki chuma, kila kikipata moto kinavuja, hata angefua malaika.

Akaangalia. Alikuwa mtu wa kufikiri, huyo mama, huwezi kumdanganya.

"Lakini sisi hatuchemshi maji," akasema polepole. "Nani anachemsha?"

Nilikuwa nimefungua mdomo.

"Mimi," Shosho akasema. "Mashuka yangu nataka yafuliwe na maji moto. Ni mimi namtuma, na ni mimi nilimwambia anyamaze. Ukitaka kufukuza mtu, anza na mimi."

Mama Tasha akaangalia ndani ya mashine, kupitia kile kioo, lile shuka limejikunja, limelowa. Akaangalia blanketi la magoti ya Shosho. Nikaona ameelewa, kwa sababu hakuuliza swali lingine la mashine.

"Tangu lini, mami?"

"Tangu mvua ianze."

Akamgeukia Nafula. "Na wewe ungeenda tu nyumbani hivyo. Bila kusema."

"Aliniomba, mama," Nafula akasema.

Simu ya Mama Tasha ilikuwa inalia chumbani, watu wa ofisi, akaiacha ilie. Mwishowe akaniuliza mimi, si wao.

"Fundi, ukiweka hiyo mpya, itachemsha vizuri?"

"Itachemsha."

"Basi enda ulete."

Nilipanda boda boda mpaka tauni, nikapata elementi ya saizi yake karibu na pale Mzee Okumu alikuwa na duka. Siku hizi wanauza vifuniko vya simu. Nilirudi mchana, nikafunga, nikapima na mega ikiwa baridi. Waya ya kijani nikaikaza kwa bisibisi mara ya pili, ili nilale vizuri. Shosho akasema anataka kuona kile cha zamani. Nikampa. Akakigeuzageuza, akapitisha ukucha kwa ule ufa.

"Kumbe kinafanana na mimi," akasema. "Nje kizima, ndani maji yameingia. Na unakitupa?"

"Nakitupa, mami. Wewe hatutupi," Mama Tasha akasema. Alisema kama anamjibu mtoto, haraka, bila kumwangalia, akikunja mikono ya blauzi. Halafu akainama yeye mwenyewe, akapanga lile shuka ndani upya, akaongeza foronya, akazungusha kile kidude kutoka baridi mpaka moto kabisa, pale mwisho. Nafula akamwachia nafasi.

Mimi huwa siondoki kabla mashine haijamaliza. Hiyo pia ni ya Mzee Okumu. Kwa hivyo nikaletewa chai nyingine, na mkate umepakwa siagi, tukakaa wote jikoni tukisikiliza maji yakianza kuvuma vile sufuria huvuma. Kioo kikaota jasho. Nafula alikuwa anaangalia boksi ya stima juu ya mlango, hatoi macho. Breka haikuanguka. Friji iliendelea kunguruma. Shosho akasinzia.

Nafula hakuenda mwisho wa mwezi. Alikuwa bado yuko huko mara ya mwisho niliitwa, safari hiyo ilikuwa oveni. Basi hiyo ndiyo mashine ya Muthangari. Mega iko rafu ya chini, nimewaambia. Chai mkipewa, kubalini, hata kama ina sukari nyingi.

Siku hiyo nikitoka na mkoba wangu nilipita mbele ya nyumba. Mama Tasha alikuwa ameshika shuka upande mmoja na Nafula upande wa pili, wanalikung'uta, wanalitupa juu ya ile kamba ndefu, mahali jua lilikuwa bado limebaki.